Herufi za Peugeot ya Mwalimu Isaïe

Masengo aliandika namba za mabehewa kwa miaka thelathini na miwili, na ukidhani hiyo ni kazi ndogo, basi hujawahi kutafuta behewa lililopotea. Kamina ni njia panda: reli moja yaenda Lubumbashi, nyingine Kananga, nyingine yateremka hadi ziwani, Kalemie. Behewa likifutika namba, hakuna mkuu wa stesheni anayelijua tena. Ndiyo maana karakana ya rangi ilikuwa na sheria moja iliyozipita zote: usifute maandishi kabla hujayanakili kwenye kalke, ile karatasi nyembamba inayoonesha kilicho chini yake. Aliyefuta bila kalke alipewa ufagio badala ya brashi, akafagia mwezi mzima huku wenzake wakimcheka.

Siku hizi treni huja itakapo yenyewe, na Masengo, mstaafu wa miaka sitini na minane, huandika majina ya maduka na vinyozi. Huyaandika vizuri kuliko wenye maduka wanavyostahili.

Basi Jessé, mwana wa marehemu Mwalimu Isaïe, aliporudi kutoka Lubumbashi na kumwomba aandike upya dashibodi ya Peugeot ya baba yake, Masengo alikubali kabla hata hajaulizwa bei. Gari lilikuwa la mwaka 1966, rangi ya maziwa, na kwa miaka kumi na mmoja tangu mwenyewe afariki lilikaa juu ya matofali nyuma ya nyumba. Sasa fundi alikuwa amelifufua injini. Jumapili hiyo shule ya misheni ingesherehekea miaka sabini na mitano, na gari la mwalimu wake maarufu kuliko wote lingetangulia maandamano, na Jessé angesoma hotuba.

"Papa Masengo, ninataka ikuwe kabisa comme à l'usine, kama ilitoka kiwandani," alisema Jessé, akimwonesha picha kwenye simu. "Nilileta bi-autocollants ya Lubumbashi, lakini angalia."

Masengo aliangalia. Vibandiko vilikuwa vimeshaanza kujikunja pembeni, na herufi zake zilikuwa nene kama za chupa ya sabuni. Alivirudisha ndani ya bahasha kwa ncha za vidole.

Mama Mathilde, mjane wa mwalimu, alitoka mwenyewe kumpa ufunguo. Alikuwa na miaka themanini na bado alivaa viatu vya kamba. "Mwalimu hakuniachia hata barua," alimwambia. "Miswa, bile bidudu, ilikula makaratasi yake yote, sanduku muzima. Ile motokari njo kintu nilibakia nayo. Uifanye muzuri, Masengo."

Kwa Masengo haikuwa kazi tu. Mwaka 1964 alikuwa darasa la pili kwa Mwalimu Isaïe, watoto sitini kwenye madawati ishirini. Juu ya kila ukurasa wa daftari mwalimu aliandika kwa wino mwekundu mstari mmoja wa mfano, nao walitakiwa kuurudia hadi chini. Wengine walinakili wamalize wakacheze. Masengo aliipenda ile mistari. Aliipenda R iliyonyoosha mguu kama mtu aliyekaa barazani, na D iliyobeba tumbo juu kidogo. Herufi hizo alikwenda nazo karakana, akaziweka kwenye mabehewa, na mabehewa yakazipeleka hadi Ilebo. Mtu akimsifu mwandiko, alijibu kila mara: huo ni mkono wa Mwalimu Isaïe, mimi nimeuazima tu.

Asubuhi ya Alhamisi alifungua mlango wa gari, akakunja goti lake bovu, akaingia. Harufu ya kiti ilimrudisha nyuma miaka hamsini. Mwalimu alikuwa akipita na gari hili polepole kabisa, mikono miwili kwenye usukani, mke wake kando, na watoto wote wa mtaa wa reli wakisimama sawasawa kama darasani. Macho ya Masengo yalilowa, akajifuta kwa mkono wa shati, akajiambia ni vumbi.

Chini ya vitufe vinne vya kuvuta palikuwa na ukanda wa rangi nyeusi, umepakwa ovyo na mtu asiye fundi. Maandishi ya kiwandani yalikuwa yamezama humo. Masengo alichukua msasa laini akaanza kusugua. Chini ya kitufe cha kwanza vilitokea vipande vyeupe; akasema moyoni, hii ni rangi ya kwanza ya chini, akaendelea. Cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu. Alikuwa amefurahi mno, na furaha nayo hupofusha.

Kwenye kitufe cha nne alipumzisha mkono, akavaa miwani. Vile vipande vyeupe havikuwa rangi ya chini. Vilikuwa herufi, zimeandikwa kwa brashi ya mkono: BARIDI. Chini ya kitufe cha kuamshia injini asubuhi za baridi, mtu alikuwa ameandika BARIDI. Na R ile ilinyoosha mguu, na D ile ilibeba tumbo juu.

Masengo alibaki ameshika msasa. Maneno matatu yalikuwa yamekuwa unga kwenye suruali yake. Mkono wa mwalimu, uliokosekana nyumba nzima, ulikuwa hapa miaka yote, na yeye, mwanafunzi wake, ndiye aliyeusugua. Bila kalke. Maji yakishamwagika hayazoleki, na unga wa rangi ndio kabisa.

Jioni hiyo na siku nzima ya Ijumaa hakwenda. Alisingizia goti. Aliwaza mengi, hata kulifuta na hilo la nne, aandike ya kiwandani, na nani angejua? Lakini aliliacha wazo hilo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumamosi alichukua kalke na penseli, akainakili BARIDI kama anayemfunika mtoto aliyelala, ndipo akaenda kumwita Mama Mathilde. Jessé alifuata na karatasi za hotuba yake.

"Mama," alisema Masengo. "Minyi nimeharibu. Mwalimu aliandika hapa, minyi nilifuta. Sikujua. Ilibakia moja tu."

Mama Mathilde aliinama ndani ya gari, akalitazama neno lile. Mabega yake yakaanza kutikisika. Masengo alidhani analia, akatamani ardhi immeze. Kumbe mama alikuwa anacheka, kicheko cha ndani ndani kilichomlazimu ashike mlango.

"Mwalimu?" alisema alipopata pumzi. "Mwalimu hakuandika kintu hapa. Ni minyi."

Jessé alishusha karatasi. "Maman, si papa njo alikufundisha kuendesha? Bantu bote ba Kamina banajua. Niliandika hata mu discours."

"Bantu banajua ile tulibaambia. Baba yangu alikuwa chofero ya camion, lori ya reli, alinifundisha mu barabara ya Kaniama, sijaolewa bado. Baba yako alinunua motokari, anaogopa hata kuigusa. Mwalimu mukubwa, ataomba nani amufundishe? Tulikuwa tunatoka mapema, minyi nikaandika bile bitufe kwa Kiswahili kusudi asikuwe anachanganya. Taa. Mvula. Upepo. Baridi. Siku alijua kuendesha, aliona haya, alipaka nyeusi mbio mbio." Alijipangusa macho. "Alikuwa muntu muzuri. Lakini gia ya kurudi nyuma, ile hakuiweza hata siku moja."

Jessé alikaa kwenye tofali. Masengo hakukaa. Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua, kikubwa kuliko gari.

"Mama, ile R najua. Iko mu bikaye byetu, madaftari ya darasa la pili. Wino mwekundu."

"Na weye ulizani nani alikuwa anajaza bile bikaye?" alisema Mama Mathilde, bila majivuno, kama anayesema nani alipika sombe. "Bikaye makumi sita kila siku. Mwalimu alikuwa anasaisha makosa, minyi naandika modèle kwa taa ya petroli, na mwaka yenye ilifuata, mimba ya huyu Jessé mu tumbo."

Chaki ubaoni ilikuwa ya mwalimu. Kalamu ilikuwa ya mke wake. Na mtoto wa miaka minane angewezaje kutofautisha? Miaka sitini Masengo alikuwa akimshukuru mtu mwingine. Na mwenye mkono alikuwa anaishi mitaa miwili kutoka kwake, akiamkiwa naye kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, bila kusikia asante hata moja.

"Nipe brashi," alisema mama.

Masengo alimpa. Mama aliichovya, akajaribu TAA kwenye kipande cha bati. Mkono ulitetemeka, na ile T ikaanguka kifudifudi. Alijaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Akamrudishia, uso wake ukiwa umezeeka ghafla.

"Ilikwisha," alisema. "Andika weye. Andika bya usine, Jessé afurahi."

"Usine haikumufundisha papa kuendesha," alisema Jessé kutoka kwenye tofali lake.

Masengo aliingia garini. Hakutandaza kalke, haikuwa na la kumsaidia, maana maneno matatu yaliyofutika hayakuwemo ndani yake. Aliegemeza kiganja kwenye kifimbo cha kutulizia mkono, akazuia pumzi, akaandika TAA. Kisha MVULA. UPEPO yeye mwenyewe hakuisikia ikitoka. Alipomaliza alisogea, goti likimlalamikia, ili mama apate nafasi ya kuona.

Mama Mathilde aliyasoma maneno yote manne, akayarudia, akitafuta lipi lake. Kidole chake kilielea juu ya rangi mbichi, kikaenda kulia, kikarudi kushoto.

"Lile langu ni lipi?" aliuliza.

"Yote, mama," alisema Masengo. "Yote ni yako. Aksanti."