Magamba ya Bi Shani

Asubuhi, uani kwao Majengo, Bi Shani alimkamata tetea wake mwekundu, akamlaza mapajani, akamchovya miguu kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu na sabuni. Miguu ilikuwa imevimba kwa magamba ya kijivu, wadudu wamejaa chini yake. Hayang'olewi kwa nguvu, utamtoa kuku damu. Unayalainisha, unasugua taratibu kwa kitambaa, kisha unapaka mafuta ya nazi yaliyotiwa mafuta ya taa kidogo. Mafuta ya taa yenyewe, miaka ile ya vita, yalipatikana kwa kugombana dukani. Shani aligombana.

Aligombana kwa sababu mumewe, Mikidadi fundi baiskeli, baba wa mwanawe Seleman, alikuwa amegoma kulala kwake.

"Kuku wako wanalala nyuma ya mlango. Nitalalaje na utitiri?" alisema, akachukua mto wake, akavuka ua mpaka chumbani kwa mke mdogo, Amne. Zamu ya Shani ikaliwa hivihivi, watu wanaona. Na huyo Amne naye! Hakuwa na kuku, hakuwa hata na kifaranga. Alikuwa na kiuno tu na kicheko. Shani akikisikia kile kicheko, chai haipiti kooni.

Basi akamwagia vichanja maji ya moto, akachoma majani ya viota, akawawekea kuku majivu ya kujigaragazia. Wakapona. Magamba yakadondoka, miguu ikawa ya njano safi. Mikidadi akachungulia, akasema kazi nzuri, akaenda kula kwa Amne.

Kesho yake magamba yakaota miguuni mwa Shani, kuanzia vifundoni.

Hakuna aliyeshangaa. Jirani yao Sophia alisema ndiyo mambo ya uke wenza hayo, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mwalimu wa madrasa aliulizwa habari ya udhu tu, akajibu kwamba maji yakipenya chini ya gamba, swala inaswihi. Mikidadi aliitazama ile miguu, akamwambia mkewe ajipake yale mafuta ya kuku.

Lakini vifundo vilikuwa vimekakamaa, Shani hawezi kuinama. Amne akaja na beseni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?"

Amne alilitua beseni. Alikaa chini, akaipakata miguu ya mwenzake, akaanza kusugua. Mikono yake ilikuwa laini, na hilo nalo likamchoma Shani, maana alijua inamsugua nani mgongo. Amne alipopandisha khanga yake isilowe, Shani akakiona kifundo chake. Palikuwa na gamba changa, la kijivu.

"Hili tangu lini?"

"Tangu aanze kwenda Holili mpakani kufuata matairi." Amne aliendelea kusugua. "Matairi yenyewe, dada, yanasuka nywele."

Ilikuwa haki Shani afurahi. Badala yake wivu ulimpanda, mchungu kuliko wa kicheko. Hata hili! Kuachwa kulikuwa kwake peke yake, na Amne kaja kutia mkono humo.

"Yangu makubwa kuliko lako," alisema.

"Makubwa, dada," Amne akakubali.

Wakabadilishana nafasi. Shani akamsugua mwenzake kwa nguvu kidogo kupita inavyotakiwa, kisha akampaka mafuta, akiyabania.

Alasiri Mikidadi akarudi kutoka Holili bila tairi hata moja. Akawakuta wamekaa uani, miguu yote minne inang'aa mafuta. Akaegesha baiskeli, akawajulia hali vizuri kabisa, akavua kofia.

"Leo zamu ya nani?" akauliza.

Amne alifungua mdomo.

"Yangu," Shani akamwahi, akiishusha khanga yake upesi ifunike magamba. "Ni yangu, Baba Seleman." Akainuka, vifundo vikimkwaruza, akaenda kumtengea maji ya kuoga.