Mwangani Uliochumwa Bustanini

Charity, msimamizi wa bustani ya mimea iliyo karibu na Golbanti, alikuwa amenipa Jumamosi moja tu ya kujaribiwa. Alitaka mtu wa kuwatembeza wageni, na mimi, Komora wa kijiji cha Wema, niliitamani kazi hiyo kuliko kitu chochote tangu nilipomaliza madarasa ya jioni, nikiwa tayari nina mke na watoto, Enos na wadogo zake. Ndege wa huku kwetu nawajua kwa majina ya Kipokomo, ya Kiswahili na ya vitabuni. Lakini hadi siku hiyo msikilizaji wangu alikuwa mke wangu Lydia peke yake, naye husikiliza huku akichambua mboga.

"Na mimi nitakuja nione," aliniambia asubuhi ile. "Ati watu wanalipa kiingilio watazame majani! Mimi shambani nayatazama bure mpaka mgongo unauma."

Langoni tulimkuta Mohamed, jirani yetu Muorma. Ng'ombe wake nimewashtaki kwa wazee mara nyingi kwa kuingia katika mahindi yangu, jambo ambalo halijatuzuia hata siku moja kunywa chai pamoja.

"Mwalimu!" aliniita kwa utani. "Leo nimekuja bila ng'ombe. Usiogope."

"Mimi sijawahi kuwaogopa ng'ombe, Mohamed. Nakuogopa wewe."

Masika yalikuwa yamekwisha na mto umerudi kwenye kingo zake. Bustani yote ilikuwa imechangamka. Mayungiyungi yalikuwa yamefunika kidimbwi, na kwenye mti wa mwegea maua mekundu yalining'inia kama yaliyofungwa kwa kamba, ndege chozi wakiyazunguka na kuchovya midomo. Wageni walikuwa akina mama wa kanisa kutoka Tarasaa na walimu wawili wa Garsen. Niliwaonyesha mdiria aliyetulia juu ya tete, nikawaomba wanyamaze, wasubiri. Tulisubiri kwa muda. Mwishowe ndege akajitupa majini, akatoka na kisamaki, na wageni wakanipigia makofi kana kwamba nilimfundisha mimi. Sikukanusha. Charity, aliyekuwa nyuma, alitikisa kichwa kukubali. Lydia sikumwona; kusubiri ndege ale kulikuwa kumemchosha, akatangulia mbele kwenye njia.

Tulipozunguka kidimbwi tukafika kwenye matuta ya mboga ya mwangani. Charity alikuwa ameuacha makusudi uchanue, ili wageni waone maua yake meupe yenye nyuzi ndefu na vipepeo wanaoyafuata. Lakini tuta zima la kwanza lilikuwa limekatwa vichwa. Ua hata moja halikubaki.

Charity akashika kiuno. Nikaona heri niseme neno kabla wageni hawajahuzunika.

"Msishangae," nikasema. "Hii ni kazi ya tumbili. Angalieni vikonyo: vimevunjwa vyote kwa urefu mmoja. Tumbili mtoto hung'oa ovyo na kutupa. Huyu ana uzoefu. Ni dume zee, tena jizi sugu."

"Dume?" akauliza Mohamed. "Una hakika, mwalimu?"

"Dume kabisa. Jike lina haya."

"Na hili dume lako huwa linavaa leso?"

Wageni wakageuka, nami nikageuka. Kwenye tuta la mwisho Lydia alikuwa ameinama, leso imefungwa kiunoni na kutuna kwa mboga, vidole vikienda tiki, tiki, tiki. Akainua uso.

"Mwenye shamba hili ni mvivu," akatuambia. "Ameiacha mboga mpaka imetoa maua. Nimemsaidia kidogo."

Akina mama wa Tarasaa walicheka mpaka wakashikana mabega. Charity hakucheka.

"Mama Enos, kibao hukukiona?"

"Nilikiona, mwanangu. Kimeandikwa mwangani. Nami niliujua ni mwangani hata bila kibao."

"Na pale chini kimeandikwa usichume."

"Mboga isiyochumwa ni ya nini?"

Hapo Mohamed akajitokeza mbele na fimbo yake, kama mtetezi. "Charity, tusikilizane. Hapa kuna uzio? Hakuna. Mlinzi yuko? Hayuko. Sasa mwenye njaa akipita akaona majani mabichi, kosa ni la nani?"

Maneno hayo nayajua. Ni yale yale anayoyasema kila tunapokaa kwa wazee juu ya mahindi yangu, nami kila mara husimama na kuyapinga. Siku hiyo niliyaitikia. Yalinipendeza sana.

Charity alituita kando, chini ya kibanda ambamo fulana ya kijani ya mtembeza wageni ilikuwa imetundikwa.

"Baba Enos, kazi nakupa. Wageni wamekupenda. Lakini mama asiingie tena humu. Wiki ijayo atanivunia mayungiyungi."

"Yana mizizi mitamu yale," Lydia akasema.

Nikaitazama ile fulana. Nikaitazama tena. Kisha nikamwambia Charity, "Basi ibaki hapo hapo. Mahali ambapo mke wangu hakanyagi, mimi sitafundisha mtu."

"Chukua fulana, mzee!" Lydia akanikemea. "Nani atakaa nyumbani akusikilize wewe na mdiria wako?"

Charity alijaribu kukaza uso, ukamshinda. "Mimi mnanipa shida. Nani atanihakikishia kwamba hatachuma?"

"Mimi," akasema Mohamed. "Mimi ni mchungaji tangu nizaliwe. Kila Jumamosi nitakuja nimchunge."

"Wewe!" Lydia akapasua kicheko. "Ng'ombe wako wenyewe wamekushinda, mimi utaniweza?"

Lakini Charity alikuwa amekwisha kuiangua ile fulana, akanipa. "Haya, Jumamosi mje wote watatu." Nilipoivaa ilinibana kidogo begani, lakini sikumwambia mtu.