Ukuta wa Desemba

Mpishi alikuwa ameshalivuka geti la nyumba ya wazee, anasukuma kiti cha magurudumu. Kitini yuko Bibi Kasuku, kifua kinapiga filimbi, mfuko wa nguo mapajani. Meneja aliwaita kwa sauti ya chini tu, maana wageni wa Krismasi walikuwa hawajamaliza kupiga picha.

Chanzo ni ukuta wa bweni la akina mama. Watu wa kujitolea waliupaka rangi ya bluu Jumatatu. Alhamisi lilikuwa linakuja kundi jingine, nalo linataka kupaka. Sasa ukuta mpya unapakwaje? Meneja akamwamuru mlinzi aupake tope. Akaupaka, uso chini kama mtu aliyefumaniwa.

"Bibi hajalala tangu Jumatatu," mpishi alikuwa amemwambia meneja. "Harufu inamkaba. Waambie hao wanaokuja wazibe paa, linamvujia kitandani."

"Mama, paa nani analiona? Watu wana fulana zimeandikwa, niwapandishe darini?"

"Basi wanisaidie kuosha masufuria."

"Wewe pika."

Wakaja thelathini, kofia nyekundu, nyimbo juu. Binti mmoja akamwinamia Bibi Kasuku.

"Shikamoo bibi. Tumekuletea upendo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Upendo wenu unanuka. Nifungulieni dirisha," akasema, akakohoa mpaka macho yakamtoka.

Walicheka, wakasema bibi ana vituko. Dirisha hawakufungua, vumbi lingeingia kwenye makopo ya rangi waliyokwisha kuyafungua.

Hapo mpishi mori ukampanda. Akaja na ndoo ya maji ya vyombo, akaimwaga yote ukutani. Tope likateremka, bluu ikang'aa.

"Ulipakwa juzi huu," akasema. "Tope mmepakiwa nyinyi, mpate cha kufanya. Na huyu mnamuua kwa ajili ya picha."

Kiongozi wao, kijana mpole tu, akasema:

"Samahani mama, ungesogea kidogo? Uko katikati ya picha."

Mpishi alisogea. Alikwenda kumbeba Bibi Kasuku, akamweka kitini, wakaondoka.

Meneja alimfukuza kazi kwa simu jioni ile ile. Wageni walipaka rangi ya njano, wakarudi makwao, na picha zao zilipendwa na watu wengi. Mlinzi bado ni mlinzi. Mpishi sasa anapikia mafundi wa gereji. Bibi Kasuku alikaa kwa mpishi, chumba kimoja, akafa mwezi wa tatu. Waliomzika walikuwa watu saba.