Vidole vya Mama Bonifasia

Miaka ile soko huria lilipoanza kutuletea wanunuzi wa kahawa na malori yao, mtu wa vijiji vya juu ya Matiri akiumwa sikio hakuulizwa anakwenda wapi. Alikwenda kwa Mama Bonifasia. Naye Bonifasia alijua kwamba anajua, wala hakujifanya mnyonge. "Mdudu gani huyo wa kukaa sikioni mbele yangu?" alikuwa akisema huku akikaza khanga kiunoni, na kweli mdudu alitoka.

Dawa yenyewe haikuwa na siri. Mafuta kidogo kwenye kijiko, kijiko juu ya makaa, halafu anachovya kidole kupima. Kidole kikikubali, mafuta yanaingia sikioni. Mama yake alifanya hivyohivyo.

Basi siku moja wako shambani wanachuma kahawa, mkwe wake Scholastica, mke wa mwanawe Elias, akapiga kelele na kuanza kurukaruka kati ya mibuni, ameshika sikio la kulia. Kadudu kameingia, tena kanakwaruza! Bonifasia akamvuta mkono hadi nyumbani. Mafuta ya nyonyo yalikuwa yamekwisha, akachukua chupa aliyonunua dukani kwa Safina, yale mafuta meupe ya kutoka nje yaliyojaa madukani siku zile. Akapasha, akachovya kidole, akaona yako sawa. Akamlaza mkwewe ubavu, akamimina.

Mama yangu wee! Ukelele alioutoa Scholastica ulifika ng'ambo ya bonde. Kadudu kalitoka, kamekufa, lakini kalitoka pamoja na ngozi ya sikio.

Kwenye zahanati, tabibu alichungulia kwa kurunzi, akatikisa kichwa. "Ngoma ya sikio imeungua na kutoboka. Maji yasiingie, na asitiwe kitu chochote. Huenda ikajiziba yenyewe, huenda isijizibe. Alitiwa nini?"

"Mafuta ya dukani kwa Safina," akajibu Elias.

Hilo likatosha. Jua halijatua, kijiji kizima kilishajua kwamba mafuta ya Safina yana sumu. Safina alikuwa mjane, mtu wa Kilwa, mumewe alimleta huku kufanya biashara kisha akamwachia duka na watoto. Wanawake waliokuwa wakimkopa chumvi jana leo wakapita mlangoni kwake wamekunja sura. Mansuetus, fundi cherehani mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, akatangaza kwamba Jumapili baada ya misa vijana watakwenda kuling'oa duka hilo mlango na madirisha.

Na Bonifasia? Tuseme ukweli, alinyamaza. Uvumi ule ulimfaa, akajisitiri chini yake, huku moyo ukimwambia kwamba mafuta hayohayo ndiyo aliyokaangia dagaa wiki nzima na hakuna aliyeumwa tumbo. Mumewe, mzee Ildefonsi, alimwona anavyojigeuzageuza kitini, akamwambia, "Kaa kimya, mke wangu. Ukifungua mdomo, nani ataleta tena sikio lake hapa?"

Ijumaa jioni Safina akabisha hodi, amebeba uji kwenye chombo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimemletea mgonjwa uji. Na nimekuja kukuaga. Kesho kutwa nafunga safari na wanangu, narudi kwetu. Duka wakalivunje tupu."

Bonifasia akageukia jiko. Maharage yalikuwa yanachemka, akainuka, akashika sufuria kwa mikono mitupu, akaiepua.

"Mama, utaungua!" Safina akaruka, akavua mtandio wake kumpa ashikie.

"Niungue na nini?" Bonifasia akasema, kisha akasita na sufuria mikononi. Akaitua. Akavitazama vidole vyake, vidole vilivyochimba ngoro, mashimo ya kulimia mteremkoni, tangu utotoni, vilivyoepua vyungu bila kitambaa miaka yote, vigumu kama soli. Akashika tena ukingo wa sufuria. Hakusikia moto.

"Usifunge mizigo," akamwambia Safina. "Jumapili uje kanisani."

"Kanisani? Mimi, mama?"

"Simama nje ya uzio, inatosha."

Jumapili watu walipotoka misani walimkuta Bonifasia uwanjani na jiko la makaa, kijiko, chupa ya mafuta na bakuli la maji baridi. Ildefonsi aliinamisha kichwa. Bonifasia akapasha mafuta, akachovya kidole mbele ya wote, akakiacha humo.

"Vuguvugu," akasema. "Nani mwingine anapima? Mansuetus, wewe si mwanamume?"

Mansuetus akajitokeza kwa maringo, akagusisha ncha ya kidole. "Yalaa!" Akaruka, na kidole kikaishia kwenye bakuli la maji. Watu wakaangua kicheko.

"Msicheke," akasema Bonifasia. "Mafuta ni yaleyale, moto ni uleule. Mafuta ya Safina hayana kosa, na anayetaka kuvunja mlango aje avunje wangu. Mimi ndiye niliyepima kwa kidole kilichokufa. Kuanzia leo mafuta yatapimwa kwa ndani ya mkono wa mgonjwa mwenyewe, na asiposema yamepoa, hayaingii. Sikio linalotoa usaha au damu, au lililotoboka, silishiki kabisa. Hilo ni la zahanati, na nitalipeleka kwa miguu yangu."

Bonifasia akamwendea Scholastica, aliyekaa kwenye benchi na pamba sikioni, akapiga magoti mbele yake. Mama mkwe kumpigia magoti mkwewe! Wanawake wakashika vinywa.

"Mwanangu, nimekuunguza mimi," akasema. "Si dawa, si duka. Ni mimi. Nisamehe."

Scholastica akamtazama, machozi yanamlengalenga, akageuza shingo kidogo.

"Sijakusikia, mama. Sema upande huu."

Bonifasia akajikokota kwa magoti hadi upande wa kushoto, akayarudia maneno yote, safari hii kwa sauti iliyomfikia hata Safina kule nje ya uzio.