Warsha ya Makaburini

Octavian Grosu alipopiga simu kusema kwamba wageni wa Umoja, wale wafadhili wa Ulaya, wangefika kijijini Cotul Vechi Jumatatu ya Pasaka ya Wafu, Eudochia alidhani simu imeharibika.

"Jumatatu ipi, mwanangu?"

"Hiyohiyo, shangazi. Tarehe imepangwa Makao Makuu. Ratiba imeshachapishwa."

"Na wafu je, wao hawana ratiba? Siku hiyo ukumbini utakuta buibui tu. Watu wote tuko kilimani, tunakula na marehemu wetu. Wewe si mtoto wa hapa? Au mama yako alikuokota stesheni?"

Octavian alicheka kile kicheko chake cha mikutanoni, kinachoanza na kuisha bila kumgusa mtu. Akasema ataona la kufanya. Shangazi asijali, aseme tu yaliyo moyoni, yeye atatafsiri.

Eudochia alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanawake cha Cotul Vechi, na chama hicho kilikuwa na kazi moja tu. Kiliwalisha wazee wa kijiji ambao watoto wao wamekwenda Italia kuwaogesha wazee wa wenzao. Chakula cha mchana kililiwa katika bwalo la shule ya zamani. Krismasi moja, miaka mitatu nyuma, jiko la bwalo lilikata roho. Tangu hapo Eudochia alikuwa akipika supu ya bitiruti nyumbani kwake, anapandisha sufuria kwenye toroli na kuisukuma matopeni mpaka bwaloni, na ikifika mafuta yameshaganda juu, meupe kama mshumaa. Wazee walikula hivyohivyo. Wengine waliacha kuja.

Basi chama kiliomba jiko. Umoja, kwa wema wake na kwa mapenzi yake kwa nchi jirani, ukajibu kwa semina ya uongozi. Kikaomba tena jiko. Ikaja semina ya namna ya kuomba. Mara ya tatu akaja mwezeshaji, kijana wa suruali ya kubana, akabandika karatasi za rangi ukutani na kuwauliza akina mama: kama chama chenu kingekuwa mnyama, kingekuwa mnyama gani? Wakashauriana, wakasema ng'ombe, maana ndiye anayekamuliwa. Kijana akafurahi, akaandika. Vyeti vya semina zote hizo Eudochia alivitundika juu ya jiko lililokufa, kila kimoja na nyota za Umoja. Tusimwonee huruma kupita kiasi, kwa sababu naye alinogewa na lugha yao. Jioni moja mezani alimwita mumewe "mdau," na mumewe akauliza kama ugonjwa huo unaambukiza.

Mtu wa kati katika mambo yote hayo alikuwa Octavian. Alizaliwa Cotul Vechi, akakimbilia mji mkuu, Chisinau, na huko akageuka Sauti ya Vijiji. Kila palipoitishwa jukwaa la asasi za kiraia za Umoja na majirani zake, Octavian alikuwepo na kitambulisho shingoni, akisema kwa niaba ya wasio na sauti. Wasio na sauti, wakati huo, walikuwa nyumbani wakisukuma toroli.

Jumatatu ilipofika, ukumbi ulikuwa mtupu kama alivyoonywa. Octavian akawapandisha wageni wake wawili kilimani kwa miguu, bango la mradi likiwa kwapani. Mmoja alikuwa Hilde, mkaguzi kutoka Makao Makuu, mwanamke mrefu mwenye adabu na daftari. Wa pili alikuwa Nugzar, Mgeorgia mnene aliyeletwa kuwakilisha asasi za nchi jirani. Kijiji kizima kilikuwa huko juu. Misalaba ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu, na kando ya kila kaburi palikuwa na meza ya mayai mekundu, mikate ya kusukwa, kabichi za kujazwa nyama na mitungi ya divai.

"Kristo amefufuka!" wakasalimiwa.

"Kweli amefufuka!" alijibu Nugzar, akakaa palepale kwenye benchi la kaburi la watu asiowajua, akamenya yai. Kwao nao hufanya hivyo.

Octavian akamgeukia Hilde na kumweleza kwa Kiingereza kwamba haya ndiyo mashauriano ya wazi ya jamii. Hilde akatazama umati, akasema hajapata kuona mahudhurio kama haya katika nchi yoyote. Hapo Octavian akapata nguvu, akaanza kufunga bango katikati ya misalaba miwili ili wapigwe picha.

"Ubarikiwe, mwanangu, nyasi zilikuwa zimelowa," akasema bibi Tudora, mzee kuliko wote pale. Akalichukua bango mikononi mwake, akalitandika chini na kupanga kabichi juu ya nyota.

Hilde akamkaribia Eudochia, akamuuliza kupitia kwa Octavian: baada ya miaka yote ya ushirikiano huu, chama kinahitaji nini?

"Jiko," alisema Eudochia.

Octavian akatafsiri. Akatafsiri sana. Mikono ilipanda ikashuka, na Hilde akajaza nusu ukurasa.

"Umemwambia nini?"

"Ulichosema, shangazi. Nimekiweka vizuri tu."

Nugzar alikuwa akicheka mpaka kiini cha yai kinamtoka mdomoni. Akamwita Eudochia kwa Kirusi, lugha ambayo kwenye majukwaa hakuna anayethubutu kukiri kwamba anaijua. "Mama, wewe umesema nini hasa?"

Eudochia alikuwa na Kirusi chake cha shamba la ushirika, kina kutu lakini kinakata. "Nimesema jiko."

"Yeye amesema mnaomba kuimarishiwa ustahimilivu wa mifumo ya lishe kwa njia shirikishi."

"Mimi? Kwa mdomo huu?"

"Kwa mdomo huohuo." Nugzar akajipangusa, akamgeukia Hilde na kumwambia kwa Kiingereza cha maneno machache kwamba mama anataka jiko. La kupikia. Hakuna zaidi.

Hilde akafungua kurasa za nyuma za daftari, akasoma maombi ya zamani ya chama jinsi Octavian alivyoyatafsiri, uso ukawa mwekundu. Kisha akasema jambo ambalo Nugzar alilitafsiri polepole, bila kucheka tena. Alisema anasikitika, lakini hata kama angetafsiriwa sawasawa tangu mwanzo, jibu lingekuwa lilelile. Mradi hauruhusu vifaa. Anaweza kulipia mafunzo ya matumizi ya jiko.

Eudochia hakumkasirikia Hilde, maana angalau huyo alisema kweli na kuona haya. Alijikasirikia mwenyewe. Alikumbuka maandazi ya jibini aliyowaokea wawezeshaji, kuku aliowachinjia, na vile alivyopiga makofi kila mwisho wa semina. Alitamani kulia, akaona si mahali pake, wenye haki ya kuliliwa siku hiyo walikuwa chini ya udongo.

Padri alipomaliza kubariki meza, watu wakaanza kutoa. Siku hiyo kila mtu hutoa sadaka kwa jina la maiti wake, kikombe, taulo, mkate na mshumaa unaowaka, na kile unachomkabidhi jirani hapa, marehemu wako hukipata kule. Tudora akamnyooshea Hilde kikombe kilichoviringwa taulo. Hilde akarudisha mikono nyuma. Kwa kazi yake, akasema, haruhusiwi kupokea zawadi. Tudora akazidi kumsogezea kikombe.

"Pokea," Nugzar alimwambia. "Hakupi wewe. Anampa mumewe, akanywee huko aliko. Wewe ni mkono tu."

Hilde akapokea kwa mikono miwili. Akashika mshumaa kama aliyekabidhiwa mtoto mchanga, akatazama huku na huku akitafuta pa kuficha macho yake, na hapo ndipo alipoona kaburi moja karibu na uzio. Nyasi zilifika magotini na msalaba ulikuwa umeinama. Halikuwa na meza wala mtu.

"Lile ni la nani?" aliuliza.

Swali hilo halikuhitaji mkalimani. Watu wote walimtazama Octavian.

"Octavian," alisema Tudora, "baba yako unampa nini leo?"

Octavian akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na mifuko ya mradi na kalamu za mradi, basi akaanza kuwagawia akina mama, akinong'ona, "Kwa roho ya baba Grigore." Sadaka haikataliwi. Tudora akapokea kalamu yake, akaigeuzageuza.

"Mungu ampokelee. Maskini Grigore, tangu azikwe hajaletewa kitu, leo kaletewa kalamu, na kusoma hakujua."

Watu walicheka, na hakikuwa kicheko cha huruma. Octavian alijaribu kile chake cha mikutanoni lakini hakikutoka. Masikio yalimwiva. Eudochia alimwona akirudi kuwa mtoto wa miaka saba aliyekuwa akija kwake kuomba mkate wenye sukari, na moyo ukataka kumlegeza. Akaukatalia.

"Mwaka wake wa mwisho baba yako alikula bwaloni kwangu," alimwambia. "Kila mchana. Nikimuuliza Octavian yuko wapi, ananijibu kwa fahari: yuko mkutanoni, anasema kwa niaba yangu. Alipenda supu iwe ya moto mpaka imuunguze ulimi. Sasa huko aliko ana kalamu. Supu ataipasha na nini?"

Octavian aliligeukia lile kaburi.

"Jiko," alisema hatimaye.

"Sema wenzio wasikie."

"Nampa baba jiko. La bwalo. Jipya." Sauti ilimpasuka katikati, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke kijijini haikuwa ya jukwaani.

Eudochia hakumpa nafasi ya kuongeza "kadiri fedha zitakavyopatikana." Aliwasha mshumaa palepale na kuuchomeka kwenye nyasi za Grigore. Mshumaa ukishawaka, neno halirudi, na mwanaharamu gani angerudisha neno alilomwahidi baba yake? Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa imani lakini si mjinga, akamkabidhi simu. "Mpigie Mihail wa duka la majiko. Sasa hivi."

Mihail naye alikuwa makaburini, katika kijiji chao, akapokea na kabichi mdomoni. Walikubaliana la plate sita, lifike Jumatano.

Hilde alimuuliza Nugzar kilichotokea. Nugzar akamwambia jiko limepatikana. Hilde akatoa kalamu haraka, macho yanang'aa.

"Limo katika mradi?"

"Hapana. Ni la baba yake."

"Oh," alisema Hilde, akairudisha kalamu. "Basi hatuwezi kulihesabu."

"Anasemaje?" Eudochia aliuliza.

Octavian alipangusa pua kwa mkono wa koti. "Anasema hawawezi kulihesabu, shangazi." Hakuongeza kitu.

"Mwambie nashukuru sana," alisema Eudochia. "Vyote walivyovihesabu mpaka leo havijachemsha hata yai."

Octavian akamgeukia Hilde, akatafsiri neno kwa neno.