Somo la Kupima Presha

Mwaka 2021, magharibi ya Sydney ilipofungwa kwa sababu ya korona, Ketsia alisomea jikoni kwao Auburn. Shule yake ilikuwa imeungana na chuo cha ufundi cha Penrith na chuo kikuu kimoja, ili wanafunzi wa sekondari waanze uuguzi mapema. Kila mwanafunzi alitumiwa nyumbani mashine ya kupimia presha.

Mama yake, Katungu, alikuwa ametoka kazini ghalani Wetherill Park, miguu imemvimba. Alikuwa akimenya viazi aliposikia mashine ya Ketsia ikigoma mara ya tatu katikati ya somo la mtandaoni.

"Vua sweta," alisema bila kugeuka. "Na usikaze mkanda hivyo. Acha vidole viwili vipite."

"Mama, wanakusikia!" Ketsia alinong'ona kwa Kiingereza, uso umemwiva.

Kwenye skrini, mwalimu wao Wanjugu, Mkenya, alicheka. "Mama Ketsia, hayo umejifunzia wapi?"

"Butembo, Kongo. Nilikuwa mkunga miaka tisa." Akachukua kiazi kingine. "Lakini vyeti viliungua pamoja na nyumba."

Kesho yake Wanjugu alimpigia Katungu simu. Mpango ule wa shule na vyuo uliwapokea pia watu wazima wenye ujuzi, hata wasio na vyeti. Walipimwa kwa vitendo.

"Miaka kumi na mbili napanga makatoni, mwalimu. Nimesahau."

"Jana hukusahau, mama."

Desemba, vizuizi vilipolegezwa, Katungu alipanda treni hadi chuo cha Penrith kupimwa. Kupima presha, kuhesabu mapigo, kumgeuza mgonjwa kitandani: mikono ilikumbuka yote. Kisha akawekwa mbele ya kompyuta aandike ripoti ya mgonjwa kwa Kiingereza. Muda ukaisha ameandika mistari miwili. Akafeli.

Ndani ya treni alilia kimyakimya, barakoa ikaloa.

Ketsia hakumpa pole. Kuanzia siku ile, kila alasiri mama alieleza ugonjwa mmoja kwa Kiswahili, wakauandika pamoja kwa Kiingereza. Waligombana sana, hasa juu ya tahajia, na siku mbili nzima hawakusemeshana.

Februari mama alirudia mtihani, akapita. Chuo kilimpokea, na chuo kikuu kikakubali kuihesabu miaka yake ya Butembo atakapoomba shahada.

Jumatatu alimwendea msimamizi wa ghala, akaomba apunguziwe siku ziwe tatu kwa wiki.

"Kuna nini?" msimamizi akauliza.

"Narudi kwenye kazi yangu."

Msimamizi hakuelewa, ila alisaini ombi lake.