Ukuta wa Katikati

Halmashauri ilipoutangaza mtaa wetu kuwa kanda ya nyumba fupi, ilisema nyumba isizidi mita tano kwenda juu, wala isisogee hata shibiri moja kuelekea barabarani. Kuhusu kwenda chini haikusema kitu. Mume wangu, fundi mwashi wa miaka thelathini, alikisoma kile kijitabu cha kanuni mara tatu, akakifunga, akacheka peke yake. Nikajua tumekwisha.

Binti yetu alikuwa anarudi nyumbani na kichanga chake, na vyumba tulikuwa navyo viwili tu: chetu, na cha mama mkwe, ambaye miguu ilishamgomea.

"Tunachimba chumba chini," mume wangu akasema.

"Na kibali cha kugusa msingi?"

"Ukiomba kibali wanakuja na futi kamba. Wakija nayo watapima na lile jiko tulilolisogeza nyuma bila kibali. Unataka wabomoe nyumba nzima?"

Sikutaka. Nyumba ile ndiyo kitu pekee tulichonacho duniani. Nikanyamaza, na mpaka leo ninajilaumu kwa kunyamaza kule.

Alianzia chini ya chumba cha mama yake, kando ya ukuta tunaogawana na jirani yetu, Baba Pacha. Alitoboa sakafu ya ukumbini, akaweka ngazi, akawa anashuka kila asubuhi na sululu. Wiki ya pili ufa ukatokea juu ya mlango wa mama mkwe, mwembamba kama uzi. Mimi ni fundi cherehani, uzi ninaujua. Nikabandika karatasi juu yake kwa uji wa unga. Siku ya tatu karatasi ilikuwa imechanika.

"Ni rangi tu inabanduka," mume wangu akasema.

"Rangi haichani karatasi, baba."

"Wewe shona, mimi nijenge."

Kichwa ngumu yule! Tangu siku hiyo nilishona huku sikio liko sakafuni. Mama mkwe akikohoa, moyo unanipasuka.

Asubuhi moja mume wangu alikwenda kununua misumari. Nikasikia chini: ko, ko, ko.

"Umerudi saa ngapi?" nikaita.

Kisha, ko, ko, ko. Nikashuka na tochi. Hakukuwa na mtu. Sululu yake ilikuwa imeegemea ngazi, na sauti ilikuwa ikitoka ndani ya udongo wenyewe, upande wa ukuta wa katikati. Nywele zilinisimama. Kumbe Baba Pacha naye alikisoma kijitabu.

Mume wangu aliporudi nilimvuta mkono mpaka chini. Akaweka sikio kwenye udongo. Nimeishi na uso ule miaka yote hiyo, sikuwahi kuuona umekauka vile.

"Huu udongo ndio umeubeba ukuta," akanong'ona. Kisha akapaza sauti: "Jirani! Acha! Acha kuchimba!"

Sululu ikanyamaza. Sauti ikajibu karibu kabisa, utadhani mtu yumo chumbani mwetu: "Fundi? Unafanya nini huko?"

"Hicho hicho unachofanya wewe!"

Udongo ukaporomoka katikati yao, na nikaona mwanga wa tochi ya Baba Pacha. Juu yetu ukuta ukalia, mlio mrefu wa kitu kizito kinachoburutwa.

"Nani anavuta kabati?" mama mkwe akauliza kutoka kitandani.

Mume wangu alikuwa ameshaweka boriti chini ya ukuta, bega lake chini ya boriti. Upande wa pili Baba Pacha akafanya vilevile. Hakuna aliyethubutu kuachia.

"Mtoe mama," akaniambia, bila kunitazama.

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi. "Mkamwana," akasema sikioni mwangu, "leo wewe ndiye mama." Sikuweza kucheka. Nikamkalisha upande wa pili wa barabara, kwenye kiti cha muuza viatu.

Mama Pacha alikuwa ametoka na watoto wake. Aliponiona na simu mkononi akanishika kifundo cha mkono. "Usipige, dada! Wakija watabomoa zote mbili. Tutakwenda wapi?"

Alisema kweli. Nilijua ni kweli. Nikajinasua mkononi mwake, nikawapigia zimamoto, nikataja mtaa na namba ya nyumba, nikasema watu wawili wako chini ya ukuta.

Kisha nikalala kifudifudi vumbini, kwenye kidirisha cha hewa mume wangu alichokwishakitobolea chumba kile cha chini. Nilimwona bega na shavu tu, jasho likimchuruzika.

"Nimewapigia," nikasema. "Watakuja na watu wa halmashauri."

Nikangoja anitukane, ana haki. Juu yake ukaanguka udongo kidogo, kiasi cha kiganja, ukamwingia kolani.

"Mke wangu," akasema, kwa sauti ndogo nisiyoijua. "Wapigie tena. Waambie wakimbie."